Daktari wa kikosi asema ng'oa, wa uraiani asema acha

Shikamoo Daktari,

Mimi ni sajini, nina miaka 34. Nimebakiza miezi mitano nitoke jeshini baada ya utumishi wa miaka 14, na kati ya mambo yote ya kuondokea, meno ndiyo yanayoninyima usingizi.

Ukaguzi wangu wa mwisho wa mwaka ulikuwa miezi saba iliyopita. Niliandikiwa "kundi la 2", nikaambiwa niko tayari kwenda popote. Tangu hapo gego namba 36, la chini kushoto, liliniuma usiku kucha. Wiki nane zilizopita likatibiwa mzizi na kuzibwa kwa dawa ya muda. Kofia ya jino niliambiwa nitapangiwa siku, mpaka leo kimya. Namba 25, juu kushoto, liling'olewa miaka miwili nyuma tukiwa mazoezini, na pengo liko wazi. Fizi zinatoka damu nikipiga mswaki. Navuta sigara kama kumi kwa siku.

Kinachonichanganya hasa ni namba 48, gego la mwisho chini kulia. Limechomoza nusu. Mwaka jana ufizi uliolifunika ulivimba mara moja, ukapoa baada ya siku tatu za kusukutua maji ya chumvi. Daktari wa kikosi ameandika ling'olewe. Mke wangu akanipeleka kwa daktari wake wa uraiani, naye akatazama picha akasema mzizi uko karibu na mshipa wa fahamu, niliache mpaka lisumbue tena. Jino moja, majibu mawili. Nimwamini nani?

Naomba pia kujua kama nimalize kila kitu jeshini, pamoja na kupandikiza jino pale penye pengo la 25, au nisubiri uraiani. Na nikishatoka, nitakuta tofauti gani? Nimepata kazi ya ulinzi kwenye meli za mizigo: miezi minne baharini, miezi miwili nyumbani.

Wako,
Sajini anayehesabu wiki

*

Marahaba, Sajini, na hongera kwa miaka 14.

Madaktari wako wawili hawapingani. Kila mmoja amejibu swali lake. Wa kikosi amejiuliza: jino hili laweza kumwangusha askari huyu ndani ya miezi 12, akiwa mahali pasipo na kiti cha meno wala eksirei? Wa uraiani amejiuliza: mtu huyu atapata nafuu kubwa kuliko madhara nikiling'oa leo? Mashine ni zilezile na ujuzi wa mikono ni uleule. Kinachotofautiana ni swali, na nani ameshika kalenda.

Majeshi yalijifunza swali lao kwa maumivu. Enzi za bunduki za kushindilia baruti, askari alirarua karatasi ya risasi kwa meno, na asiye na meno ya mbele alikataliwa kuandikishwa. Mwaka 1914 jeshi la Uingereza lilivuka kwenda Ufaransa bila daktari wa meno, na jenerali wake Douglas Haig alipopatwa na maumivu ya jino wakati wa mapigano ya Aisne, ikabidi aitiwe daktari kutoka Paris. Marekani ilikuwa imeunda kikosi chake cha madaktari wa meno mwaka 1911. Uingereza ikaunda chake mwaka 1921. Hadi leo askari huitwa kwenye kiti hata kama hajalalamika, kwa sababu kamanda anataka kujua nani atamwangukia njiani.

Sasa hilo kundi la 2. Katika jeshi la Marekani, na kwa mfumo unaofanana na huo katika majeshi ya NATO, askari hupangwa katika makundi manne. Kundi la 1 amekaguliwa na hahitaji tiba. Kundi la 2 ana kasoro zinazohitaji tiba, ila hazitarajiwi kuleta dharura ndani ya miezi 12. Kundi la 3 ana tatizo linaloweza kulipuka ndani ya muda huo, na hapelekwi mbali mpaka litibiwe. Kundi la 4 ni yule ambaye ukaguzi wake umepitwa na wakati au hali yake haijulikani. Ukiusoma vizuri mpangilio huo utaona kwamba kundi la 2 ni ruhusa ya kusafiri, wala si cheti cha afya ya kinywa. Mtu anaweza kukaa kundi la 2 miaka kumi huku matundu madogo yakikua na mfupa wa taya ukiliwa polepole, na kila mwaka akaambiwa yuko tayari. Hakuna aliyemdanganya. Mfumo haukumuuliza hali yake ya miaka ishirini ijayo.

Kwako kuna jambo la kufanya kesho asubuhi. Kundi lako liliandikwa kabla ya 36 kutibiwa mzizi. Leo jino hilo limezibwa kwa dawa ya muda, na dawa ya aina hiyo haikutengenezwa kudumu miezi 12, hasa kwenye gego linalobeba uzito wa kutafuna. Kwa vigezo hivyohivyo vya jeshi, huenda hustahili tena kundi la 2. Omba ukaguzi upya kwa maandishi, utaje namba ya jino na tarehe ya tiba ya mzizi. Ukihamishiwa kundi la 3 usione ni aibu. Ndilo linalokupandisha kwenye orodha ya miadi, na katika miezi mitano iliyobaki miadi ndiyo utakayohangaikia zaidi.

Anza na hilo 36, kabla ya jingine lolote. Gego lililotibiwa mzizi huvunjika kwa urahisi kwa sababu tundu lililotobolewa juu, pamoja na uozo uliolifikisha hapo, limeondoa kingo zilizokuwa zikizishikanisha kuta za jino. Ukitafuna, kuta zinasukumwa nje kila upande. Siku moja ukuta unapasuka. Ufa ukiishia juu ya ufizi jino linaokolewa. Ukishuka hadi kwenye mzizi, linang'olewa. Kofia inazifunga kuta hizo pamoja kama pete inavyofunga mpini wa jembe usipasuke.

Hatari ya pili ni mate. Dawa ya muda huvuja kadiri inavyolika, na bakteria hushuka kwenye mfereji uliokwisha safishwa. Dawa ikibomoka na mjazo wa mzizi ukakaa ndani ya mate kwa miezi miwili mitatu, madaktari wengi watataka kuirudia tiba ya mzizi kabla ya kuweka kofia, na wana haki. Uko wiki ya nane. Muulize daktari mambo matatu: dawa ya muda bado imeziba kikamilifu? Picha mpya ya ncha ya mzizi inaonyesha nini? Na je, juu ya ufizi limebaki jino zima la kutosha kushikwa na kofia? Kinachotakiwa ni mkanda wa milimita 1.5 hadi 2 wa jino lenyewe kuzunguka pande zote, chini ya mjazo. Mkanda huo ukikosekana kofia hung'oka pamoja na kiini chake, yaani mjazo uliojengwa ndani yake, hata kama imegandishwa kwa dawa bora. Wakati mwingine ufizi na mfupa kidogo hupunguzwa ili mkanda upatikane, na hilo huongeza wiki kadhaa za kupona. Ndiyo maana haifai kulisubirisha.

Kazi yenyewe huchukua miadi miwili. Siku ya kwanza kiini hujengwa upya, jino huchongwa pande zote na juu yake (juu huhitaji kama milimita 1.5 hadi 2 ili kofia isiwe nyembamba), alama huchukuliwa kwa dawa laini au kwa kamera, na unavishwa kofia ya muda. Baada ya wiki mbili hivi unavishwa ya kudumu. Kofia ya muda ikidondoka usiseme nitaenda wiki ijayo. Majirani husogea na jino la juu hushuka, kisha kofia iliyotengenezwa haikai. Rudi ndani ya siku moja au mbili, na usiigandishe kwa gundi ya dukani. Ya kudumu ikishawekwa, uma ile karatasi ya rangi ya kupimia mng'ato mara kadhaa, ukisogeza taya kulia na kushoto. Ganzi ikiisha na ukahisi jino hilo linagusa kabla ya mengine, rudi likapunguzwe. Kofia iliyo juu kwa unywele tu inatosha kufanya jino liume kila unapotafuna.

Wakati 36 likiendelea, fizi zianze. Sigara hubana mishipa midogo ya damu, hivyo mvutaji hutoka damu kidogo kuliko ugonjwa alio nao. Wewe unavuta kumi kwa siku na bado damu inatoka, kwa hiyo lichukulie hilo kwa uzito. Omba upimwe mifuko ya fizi kwa kile kijiti chenye alama za milimita, sehemu sita kwa kila jino, na namba zote ziandikwe. Milimita 1 hadi 3 ni kawaida. Nne ikiambatana na damu inahitaji kazi. Sita na kuendelea maana yake mfupa unapotea. Kusafishwa kwa dakika ishirini juu ya ufizi, kama wanavyofanyiwa wengi kwenye ukaguzi wa mwaka, hakufiki kwenye mifuko hiyo. Ugaga ulio chini ya ufizi hukwanguliwa kwa ganzi, sehemu kwa sehemu, kwa miadi miwili hadi minne, kisha vipimo hurudiwa baada ya wiki 8 hadi 12. Hesabu mwenyewe: ukianza mwezi huu unawahi kipimo cha pili kabla hujakabidhi sare. Ukianza mwezi wa nne kati ya hiyo mitano hutakiwahi, na daktari mpya hatajua kama tiba ilifanya kazi.

Nyumbani tumia vijiswaki vya katikati ya meno kila usiku, vya ukubwa unaoingia kwa kubana kidogo. Pengine utahitaji saizi mbili, kwa maana mianya ya magego ni mipana kuliko ya mbele. Damu itaongezeka siku chache za mwanzo, halafu itapungua. Usiache kwa kuiona damu.

Narudi kwenye 48. Mwaka 2000 taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, NICE, ilielekeza kwamba gego la mwisho lililokwama lising'olewe kama halina ugonjwa, na kwamba kuvimba kwa ufizi mara moja, kama hakukuwa kukali, hakutoshi kuwa sababu. Daktari wa mke wako amefuata fikra hiyo, na kwa mtu anayelala kwake kila siku ni fikra sahihi. Akivimba atapata miadi wiki hiyohiyo. Jeshi haliwezi kusubiri hivyo, kwa sababu uvimbe wa gego la mwisho chini ukikaza taya na kushuka shingoni, askari aliye mbali anahitaji helikopta.

Ila wewe hutalala kwako kila siku. Miezi minne baharini ni sawa na kupelekwa kikosi cha mbali, na kwa jino hili moja swali la jeshi linakufuata mpaka uraiani. Limechomoza nusu, kwa hiyo chakula kinaingia chini ya ufizi na mswaki haufiki. Limeshavimba mara moja. Una miaka 34, na mfupa unazidi kuwa mgumu kadiri miaka inavyokwenda. Ninaegemea upande wa kulitoa, kwa masharti.

Sharti la kwanza ni picha. Kwenye eksirei pana ya taya, daktari atazame pale mzizi unapokatiza mfereji wa mshipa wa fahamu. Alama za kutia shaka ni mzizi kuwa mweusi zaidi pale pale, mstari mweupe wa ukuta wa mfereji kukatika, au mfereji kupinda ghafla. Ikionekana moja kati ya hizo, omba eksirei ya pande tatu kabla ya mtu yeyote kushika koleo. Picha hiyo itaonyesha kama mzizi unagusa mshipa au umepita kando. Ikiwa unagusa, ipo njia ya kukata kichwa cha jino peke yake na kuiacha mizizi ilale salama ndani ya mfupa, mradi haina maambukizi na haijalegea. Hiyo ni kazi ya mpasuaji wa kinywa na taya, naye jeshini mara nyingi hupatikana kwa rufaa. Mshipa ukiumizwa, mdomo wa chini na kidevu hufa ganzi. Kwa wengi hisia hurudi kwa wiki au miezi, wachache haziwarudii, na ni lazima uelezwe hivyo kabla ya kutia sahihi.

Mwombe pia aangalie mgongo wa 47. Gego lililolala huozesha jirani yake mahali pasipoonekana kwa kioo, na uozo ukionekana hapo mjadala wa kuacha umekwisha.

Sharti la pili ni muda. Litolewe ndani ya miezi miwili ya kwanza, lisisogezwe hadi wiki za mwisho. Shimo kukauka, yaani damu iliyoganda kuondoka na mfupa kubaki wazi, hutokea zaidi siku ya pili hadi ya nne, kwa maumivu yanayopanda hadi sikioni, na anayelitibu vizuri ni yule aliyeling'oa. Sigara huongeza hatari hiyo sana. Usivute angalau siku tatu baada ya kung'olewa, usinyonye kwa mrija, usisukutue kwa nguvu saa 24 za mwanzo. Ufizi hufunga kwa wiki tatu au nne. Mfupa huchukua miezi.

Kuhusu kupandikiza jino pale 25, ushauri wangu ni usianze kisichoweza kuisha. Jino likitoka, karibu nusu ya upana wa mfupa wa pale hupotea ndani ya mwaka wa kwanza, na sehemu kubwa ya upotevu huo ni miezi mitatu ya mwanzo. Wewe una miaka miwili. Huenda ukahitaji kuongezewa mfupa, na hilo peke yake ni miezi minne hadi sita. Kisha skrubu huwekwa na kuachwa ishikamane na mfupa miezi mitatu hadi sita, ndipo kichwa kinakuja. Haitoshei katika miezi mitano. Skrubu iliyoachwa nusu njia ni mzigo, kwa sababu kila kampuni ina vipande na bisibisi zake, na daktari wa uraiani asiye na vya kampuni hiyo hawezi kuendelea. Tena mvutaji mwenye fizi zinazovuja damu hapandikizwi kwanza, fizi zitulie. Omba jeshini upate meno ya bandia madogo ya kuvua, au jino lililoshikizwa kwa ubawa kwenye jirani, litakalozuia mengine yasiegemee pengoni mpaka utakapokuwa tayari. Kama kuna skrubu yoyote umeshawekewa, dai kadi yake yenye jina la aina, kipenyo, urefu na namba ya toleo.

Sasa jalada. Jeshini jalada lilikufuata lenyewe. Uraiani hakuna atakayelituma usipoliomba, na kukosa jalada ndiko kunakofanya watu wapigwe picha upya na tiba ya mzizi kurudiwa bure. Omba nakala miezi mitatu kabla ya kuondoka, na uombe tena wiki ya mwisho ili zipatikane kazi za mwishoni. Dai picha za eksirei kwa faili asilia za kidijitali zenye tarehe; nakala ya karatasi haionyeshi matundu madogo. Dai ile picha pana ya taya uliyopigwa ulipoandikishwa, ambayo majeshi huhifadhi pia kwa ajili ya kumtambua askari aliyefariki. Kuilinganisha na ya leo kutaonyesha mfupa umeshuka kiasi gani kwa miaka 14, na hakuna picha mpya inayoweza kukupa hilo. Dai namba za mifuko ya fizi kabla na baada, maelezo ya mifereji ya 36 na urefu wake, aina ya ganzi uliyopewa na kama iliwahi kukudhuru.

Tazama namba za meno nazo. Jalada lako linatumia mfumo wa tarakimu mbili, ambapo ya kwanza ni robo ya kinywa na ya pili ni nafasi ya jino. Mfumo wa Marekani huhesabu 1 hadi 32 mfululizo. Kwa hesabu hiyo 36 lako ni 19, na 48 lako ni 32. Hatari iko kwenye namba zilizomo katika mifumo yote miwili: 18 kwenye jalada lako ni gego la mwisho juu kulia, lakini kwa Mmarekani 18 ni gego la pili chini kushoto. Ukitibiwa kwenye bandari yoyote ya mbali, taja jino kwa maneno na uliguse kwa kidole. Jino lisilo na ugonjwa limewahi kung'olewa kwa kosa la aina hiyo.

Karatasi za kuondokea zisome kabla ya kutia sahihi. Marekani, kwa mfano, askari aliyetumikia siku 90 au zaidi anaweza kupata tiba ya meno ya mara moja kutoka idara ya maveterani akiomba ndani ya siku 180 za kuachishwa, iwapo cheti chake hakionyeshi kwamba alikaguliwa na kutibiwa yote ndani ya siku 90 kabla ya kutoka. Kisanduku kimoja kilichotiwa alama kwa haraka kinamnyima haki hiyo. Waulize wa kwenu kanuni yao ikoje, na kama 36 halijaisha, lisiandikwe limeisha.

Uraiani utakutana na mambo mawili mapya. La kwanza ni bima. Bima nyingi za meno zina muda wa kungoja, mara nyingi miezi 6 hadi 12, kabla ya kulipia kofia au pengo, zina kikomo cha mwaka, na baadhi hazilipii jino lililong'oka kabla ya kujiunga. Hiyo 25 yako iko hapo. Soma kipengele hicho kwanza, halafu uombe idhini ya maandishi kabla ya kazi kubwa.

La pili ni kwamba utaulizwa unataka nini. Jeshini ulipangiwa. Sasa utawekewa njia tatu mezani, na kuchagua ni kwako. Kwa kila moja uliza: nisipofanya lolote, nini kitatokea ndani ya miezi 12? Na ndani ya miaka 10? Swali la kwanza ndilo la jeshi na la pili ndilo la uraiani, na wewe unayahitaji yote mawili. Ukipewa orodha ndefu ya kazi ambazo jeshini hazikutajwa, omba uonyeshwe kila moja kwenye picha, na kama hujaridhika peleka picha zilezile kwa mwingine. Sehemu ya orodha hiyo itakuwa ya kweli, yale mambo ya kundi la 2 yaliyongoja miaka.

Kalenda nayo inahamia kwako. Jeshi huita kila mtu kila mwaka. Uraiani muda hupangwa kwa hatari ya mtu: mwongozo wa NICE kwa watu wazima ni kati ya miezi 3 na 24. Kwa fizi zako anza na kila miezi mitatu au minne, na zamu yako ya meli inaruhusu: panga usafishwe wiki ya kwanza unaporudi nyumbani, na tena kabla ya kupanda, ili ikitokea kazi uwe na muda wa kuimaliza kabla ya kupanda tena. Wanaokagua afya ya mabaharia nao hutazama kinywa. Miongozo ya mashirika ya kimataifa ya kazi (ILO) na ya usafiri wa baharini (IMO) inakubali mtu ambaye meno na fizi zake zinaonekana nzuri, au aliyekaguliwa ndani ya mwaka na kumaliza tiba, na uozo ulioachwa waweza kukuzuia kupanda kwa muda. Cheti cha afya wanachotoa hudumu miaka miwili isizidi.

Melini beba dawa ya meno yenye floridi 1350 hadi 1500 kwa milioni, piga mswaki mara mbili kwa siku, teme bila kusuuza. Vinywaji vitamu vya kukeshea zamu ndivyo vinavyoozesha shingo za meno, hasa ukinywa kidogo kidogo usiku kucha. Kunywa mara moja umalize, kisha maji. Weka kwenye mkoba dawa ya kuziba ya muda, vijiswaki, na dawa za maumivu. Kama huna vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo wala mzio, ibuprofeni miligramu 400 pamoja na parasetamoli miligramu 1000 hutuliza jino vizuri kuliko mojawapo peke yake. Usizidishe gramu 4 za parasetamoli kwa siku. Antibiotiki haziponyi jino ambalo nyama yake ya ndani yenye mshipa wa fahamu imewaka, kwa hiyo usizitafune kwa kila maumivu. Lakini uvimbe unaoelekea jichoni au shingoni, mdomo kushindwa kufunguka, kumeza kwa shida au homa, mwambie nahodha saa hiyohiyo aombe ushauri wa daktari kwa redio. Kituo cha CIRM mjini Roma kimekuwa kikiwashauri mabaharia bila malipo tangu 1935.

Wiki hii, basi: barua ya kuomba ukaguzi upya, picha ya 36, vipimo vya fizi. Ukipata matokeo ya eksirei ya pande tatu ya 48, niandikie mzizi umekaa upande gani wa mshipa.